Hopoate, Parramatta na Jumapili: maneno kwa wazazi wa wachezaji

Hotuba kwa wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, magharibi mwa Sydney

Wazazi wenzangu, wachungaji wetu, mashehe wetu, dada na kaka, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumze kuhusu michezo na dini. Nimeamua kuzungumza kuhusu mtu mmoja na klabu moja, kwa sababu tukizungumza kwa jumla huwa tunakubaliana wote, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani, na wiki inayofuata ugomvi wa mzazi na kijana ni uleule. Mtu huyo ni Will Hopoate. Klabu ni Parramatta Eels, hawa hawa majirani zetu, ambao watoto wenu wanavaa jezi zao za bluu na njano. Mwishoni mwa 2015 klabu na mchezaji huyo waliachana, na katikati ya kuachana kwao ilikuwepo siku ya Jumapili.

Kwa ndugu waliofika karibuni kutoka Kivu, Bujumbura au kambi za Kigoma, ambako mpira maana yake ni mpira wa miguu, niseme maneno mawili. Raga ligi ni ile raga ya wachezaji 13. Timu ikiwa na mpira inakabwa mara sita, kisha inaukabidhi kwa wapinzani. Ndiyo mchezo wa mitaa hii, na ndio mchezo ambao mwanao ataletewa karatasi ya usajili shuleni hata kabla hajamaliza kujifunza Kiingereza. Klabu kubwa zinacheza ligi iitwayo NRL. Huko ndiko macho ya vijana wetu yalipo.

Sasa Hopoate. Alizaliwa 1992 katika familia ya asili ya Tonga, na baba yake naye alikuwa mchezaji wa ligi hii. Ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Aliingia kikosi cha kwanza cha klabu ya Manly mwaka 2010 akiwa na miaka 18. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 19, jimbo la New South Wales walimwita kucheza dhidi ya jimbo la Queensland katika mechi za State of Origin, heshima ambayo wachezaji wengi wanastaafu bila kuionja. Oktoba 2 mwaka huo huo wa 2011 alikuwa uwanjani Manly walipowafunga New Zealand Warriors 24 kwa 10 katika fainali na kutwaa ubingwa.

Halafu akaondoka. Kijana wa miaka 19, bingwa wa ligi, alivua jezi akavaa shati jeupe na tai, akaenda kulihudumia kanisa lake kwa miaka miwili. Mmewaona vijana wale wanaotembea wawili wawili na vibao vya majina kifuani, wanabisha hodi hata kwenu. Hawalipwi mshahara. Naomba tusilipite hili haraka. Katika mchezo huu mwili ndio mtaji, na miaka kati ya 19 na 21 ndiyo miaka ambayo mwili unajengeka na jina linapanda bei. Yeye aliitoa miaka hiyo. Kila mtu aliyejua mpira alijua ni sadaka ya namna gani.

Na Parramatta, tuwape haki yao, walimsubiri. Kabla hajaondoka walikuwa wameshakubaliana naye kwamba akirudi atacheza kwao, na kweli alirudi akacheza misimu ya 2014 na 2015. Ninalisema hili kwa makusudi, kwa sababu nimesikia hadithi hii ikisimuliwa makanisani kana kwamba klabu ilikuwa adui wa Mungu. Klabu iliyomsubiri mchezaji miaka miwili ili amalize kazi ya kanisa lake haiwezi kuitwa adui wa dini.

Kilichotokea ni kwamba imani ya mtu haikai mahali pamoja. Fainali ile ya 2011 ilichezwa Jumapili, na alicheza. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, dhamiri yake ilimfikisha mahali ambapo kucheza siku ya Bwana kulimlemea. Kanisa lake linawafundisha waumini kuitunza Jumapili, na katika jambo la mchezo alikuwa na uamuzi wa kufanya yeye mwenyewe mbele ya Mungu wake. Akaamua. Yeye na klabu walipozungumza kuhusu miaka iliyokuwa mbele, Jumapili ikawa mezani, na hatimaye kila mmoja akashika njia yake.

Hapa nataka tukae kidogo, tutazame upande wa klabu, kwa sababu upande wa mchezaji sisi watu wa dini tunauelewa bila kuelezwa.

Ligi ile msimu wa 2015 ilikuwa na klabu 16. Kila raundi mechi nane, zilitawanywa kuanzia mwisho wa wiki ya kazi hadi Jumatatu usiku, kwa sababu televisheni ndiyo inayolipa na televisheni inataka kila mechi ionekane peke yake. Mbili au tatu kati ya hizo nane ziliangukia Jumapili. Klabu haichagui siku yake. Ratiba inatoka juu, na unaweza kupangiwa Jumapili tatu karibu karibu, kisha usiione tena kwa mwezi mzima. Juu ya hapo kulikuwa na kikomo cha mishahara: kila klabu wakati huo ilikuwa na kiasi kilekile cha fedha kwa wachezaji wake 25 wa kwanza, na ikizidisha iliadhibiwa vikali. Kwa hiyo mchezaji ghali akikosekana mechi tano au sita kati ya 24 za msimu, huwezi kuongeza fedha ukanunua wa kuziba pengo lake. Fedha yake imeshahesabiwa. Anayecheza badala yake ni kijana wa mshahara mdogo, na wachezaji wenzake ndio wanaobeba mzigo uwanjani.

Na liko kubwa kuliko hayo. Fainali ya NRL huchezwa Jumapili. Mtu akikuambia hachezi Jumapili, amekuambia kwamba mkifika siku ile ambayo mmeifanyia kazi tangu Novemba mlipoanza kukimbia vilima kwenye joto, siku hiyo hamtakuwa naye. Kocha anayesikia maneno hayo akasita, mimi simlaumu. Ana wachezaji wengine ambao nao wana ndoto, na mashabiki wa Parramatta wamekuwa wakingoja ubingwa tangu 1986.

Kwa hiyo nikiulizwa nani alikosea kati ya Hopoate na Parramatta, jibu langu ni kwamba sioni mkosaji. Kijana alikuwa na haki ya kusema siku hii si yangu, ni ya Mungu. Klabu ilikuwa na haki ya kusema sisi tunahitaji mtu wa siku zote saba. Waliachana wakiwa hai, kila mmoja na heshima yake, na wala hakuna aliyefukuzwa kama mwizi. Natamani kuachana kote katika michezo kungekuwa hivyo.

Canterbury Bulldogs ndio waliompokea kwa msimu wa 2016. Kocha wao alikuwa Des Hasler, yule yule aliyekuwa naye Manly walipotwaa ubingwa. Wakakubaliana mapema, kabla msimu haujaanza: Jumapili hachezi. Ikatangazwa, wachezaji wenzake wakajua, mashabiki wakajua. Mkumbuke pia ni klabu gani hii. Ngome yao ni Belmore, jirani na Lakemba, penye msikiti mkubwa, na kwa miaka mingi mfungaji wao alikuwa Hazem El Masri, Mwislamu mzaliwa wa Lebanoni, aliyestaafu 2009 akiwa na pointi 2,418, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi hiyo kabla yake. El Masri alikuwa akifunga Ramadhani na kucheza. Watu wa Bulldogs walikuwa wameshazoea kwamba mchezaji anaweza kuwa na saa zake na Mungu.

Sikilizeni sasa kilichotokea. Msimu ule wa 2016 Bulldogs walifika hatua ya mtoano. Ratiba ikatoka: dhidi ya Penrith, Septemba 11. Jumapili. Ukishindwa unaenda nyumbani. Hopoate hakucheza. Bulldogs walifungwa 28 kwa 12, msimu ukaisha.

Hakuna anayeweza kusema kwamba angecheza wangeshinda. Lakini fikirini uzito wa siku ile kwa kijana yule, wenzake wanatoka uwanjani vichwa chini na yeye hakuwa nao. Hakupindisha neno lake kwa sababu mechi ni kubwa. Na klabu haikumgeukia ikasema sasa umetuangusha, kwa sababu ilikuwa imekubali ikijua. Huo ndio mkataba ninaoutaka kwa watoto wetu: pande zote mbili zimeshaiona siku mbaya kabla haijafika, na zimekubali kuibeba.

Mwaka uliofuata, 2017, Hopoate alianza tena kucheza Jumapili. Kuna watu waliomcheka, wakasema imani gani hiyo ya mwaka mmoja. Mimi naomba vijana wasimcheke. Mtu anayesali na kujiuliza upya yuko hai katika imani yake. Alifanya uamuzi wa kwanza kwa uwazi, akafanya wa pili kwa uwazi, akaendelea kuichezea klabu ile hadi 2021.

Yuko mwingine, wa raga ile ya wachezaji 15, ambaye hakurudi nyuma hata mara moja. Michael Jones wa New Zealand, mwenye asili ya Samoa, ambaye wengi wanamhesabu miongoni mwa mafowadi bora waliowahi kuvaa jezi nyeusi. Kombe la Dunia la 1987, nusu fainali na Wales ilikuwa Jumapili: hakucheza. Fainali ilikuwa Jumamosi: akacheza, wakawa mabingwa. Mwaka 1991 alikosa mechi tatu za Jumapili, ikiwemo nusu fainali ya Dublin ambayo New Zealand walifungwa na Australia 16 kwa 6. Mwaka 1995 hawakumchukua kabisa, kwa kuwa robo fainali na nusu fainali zingeangukia Jumapili. Alilipa. Na hadi leo huko kwao jina lake linatajwa kwa heshima, na baadaye akawa kocha wa timu ya taifa ya Samoa.

Nimewataja hawa wawili pamoja ili wazazi waone kwamba gharama ipo. Mchungaji akikwambia kijana akimheshimu Mungu atapangiwa mechi za Jumamosi tu, hakwambii kweli. Wasabato mliopo hapa mnajua zaidi yangu, maana siku yenu wenyewe ndiyo siku ambayo watoto wa mitaa hii wana mechi kuanzia asubuhi. Nimeliona mara nyingi kwenye maegesho ya viwanja vyetu: mama amevaa kitenge chake cha ibada, gari limewashwa, kijana yuko kiti cha nyuma anavua suruali ya kanisani na kuvuta soksi ndefu, viatu vya mpira vina tope la wiki iliyopita, na hakuna anayesema neno na mwenzake. Baba amebaki kanisani amekasirika. Kocha hana habari yoyote. Anaona tu mtoto amechelewa tena, na anamweka benchi kwa utovu wa nidhamu.

Kocha yule hajaambiwa, na hapo ndipo penye kidonda chetu. Sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo tunaona haya kumweleza Mzungu mambo ya dini yetu. Tunaogopa ataona tunaleta masharti. Tunanyamaza, mtoto anachelewa, anakosa, anadanganya kwamba anaumwa, hadi siku moja jina lake halipo kwenye orodha. Hapo ndipo tunasema wametubagua kwa dini. Mara nyingine ni kweli wanabagua, na wakibagua tusimame. Lakini mara nyingi hatukuwaambia.

Nendeni mkaseme. Msiwaze kwamba mtakuwa wa kwanza. Karibu nusu ya wachezaji wa NRL wana asili ya visiwa vya Pasifiki, Samoa, Tonga, Fiji, watu wa kanisa haswa. Angalieni mwisho wa mechi: wachezaji wa timu zote mbili, waliokuwa wanavunjana mbavu dakika tano zilizopita, wanapiga magoti duara moja katikati ya uwanja wanasali. Kocha wa nchi hii ameshasikia habari za ibada. Kwa Waislamu, mtazameni Sonny Bill Williams. Mwaka 2017, akiwa raga ya 15 na timu ya Blues ya Auckland, alifunika kwa utepe nembo ya benki iliyokuwa kwenye kola yake, kwa sababu ya riba. Chama cha raga cha New Zealand kilikaa naye, kikakubali asivae nembo za benki, pombe na kamari.

Na klabu nazo zina wajibu wa kuuliza. Julai 2022 Manly, klabu ile ile aliyoanzia Hopoate, ilitoa jezi yenye rangi za upinde wa mvua kuonyesha kwamba mashoga na wasagaji wanakaribishwa katika mchezo. Nia hiyo ilikuwa na mizizi pale pale: mchezaji wa kwanza wa ligi hii kujitangaza hadharani kuwa shoga, Ian Roberts, mwaka 1995, alikuwa wa Manly. Lakini uongozi haukukaa na wachezaji kabla ya kuizindua. Saba walikataa kuivaa kwa sababu za imani na mila zao, wakakosa mechi dhidi ya klabu ya Roosters, Manly wakafungwa. Des Hasler, amerudi Manly wakati huo, alikaa mbele ya waandishi wa habari pamoja na kapteni wake akawaomba radhi wachezaji, akawaomba radhi pia wale ambao jezi ilikusudiwa kuwafariji. Manly hawakushinda mechi hata moja iliyobaki msimu ule, na msimu ulipoisha Hasler alifukuzwa. Vijana saba waliumizwa, mashoga na wasagaji waliumizwa, na kikao cha nusu saa wiki chache kabla kingeweza kuepusha yote hayo.

Najua kuna wanaongoja nimtaje Israel Folau. Namtaja. Ni kipaji ambacho mchezo huu hauoni mara nyingi: alianza klabu ya Melbourne Storm ya ligi hii mwaka 2007 na akafunga trai 21, yaani mabao ya raga, katika msimu wake wa kwanza. Mwaka 2019, akiwa mchezaji wa raga ya 15, chama cha raga cha Australia kilivunja mkataba wake baada ya kuandika mtandaoni kwamba makundi kadhaa ya watu, mashoga wakiwemo, jehanamu inawangoja. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshaitwa kuhusu maneno ya namna hiyo. Kesi iliisha Desemba kwa makubaliano, akaenda Ufaransa kucheza raga ligi na Catalans Dragons.

Wengi wetu tunamchanganya na Hopoate, tunasema wote ni wachamungu walioteswa. Mimi siwaweki pamoja. Hopoate aliomba jambo linalomhusu yeye: siku yake, mwili wake, ibada yake. Aliyelipa gharama alikuwa yeye na waliokubali kulipa pamoja naye. Maneno ya Folau yalikuwa juu ya watu wengine, na miongoni mwa watu hao wamo vijana wanaobadilisha nguo chumba kimoja na watoto wetu, na wamo, niseme wazi katika ukumbi huu, watoto wetu wenyewe. Unaweza kuamini anachoamini Folau, ni haki yako. Lakini ukimfundisha mwanao kwamba imani ni kuhukumu wenzake kwenye simu saa nne za usiku, usiniambie ni kitu kimoja na kijana aliyekaa nyumbani siku ya mechi ya mtoano kwa sababu alimwahidi Mungu.

Basi ninachowaomba ni hiki. Usajili wa watoto unafunguliwa kabla ya msimu. Kabla hujaweka sahihi, kaa na mtoto wako, umwulize yeye anaamini nini, na siyo wewe unaamini nini. Anaweza kukushangaza. Kisha mwende wote wawili kwa kocha, mseme siku zipi hapatikani, Ramadhani atafanyaje, nembo gani hatavaa. Mwulize ratiba ya umri wake ni Jumamosi au Jumapili, kwa sababu inatofautiana, na mara nyingine kuhama klabu jirani kunamaliza tatizo zima. Kama kijana amefika hatua ya wakala na mkataba wa fedha, yaandikwe. Wakala akisema tutalizungumza baadaye, mwambieni mnalizungumza sasa. Na kocha akisema hapana, mshukuruni, mwondoke, mtafute wengine. Kina mama wasioweza Kiingereza, njooni kwangu au kwa vijana wa kamati, tutakwenda pamoja.

Wakala mmoja wa wachezaji amekubali kukaa na wazazi pale meza ya kushoto baada ya chai, na karatasi za usajili za klabu tatu za jirani ziko hapo, zimetafsiriwa. Sasa tuanze maswali. Naanza na yule mama mwenye kilemba cha kijani, aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja Folau na hajaushusha.